Kasha la Mama Picha

Kama kuna kitu kilichomshinda Mama Picha maishani mwake, ni kuwaheshimu watu wa kuvaa tai. Miaka kumi na tisa alikuwa anapiga eksirei katika hospitali ile, na watu wa tai amewaona wakija na kuondoka, kila mmoja na mpango wake, na hakuna aliyewahi kumletea hata balbu. Kwa hiyo asubuhi ile alipomwona kijana wa makao makuu anaingia chumba cha kusomea picha, viatu vinang'aa, flashi inaning'inia shingoni juu ya tai, alimsonya kimoyomoyo kabla hata hajasalimiwa. Akambatiza Bwana Flashi papo hapo.

Kazi yenyewe Bwana Flashi aliieleza kwa maneno mengi, kumbe ni fupi. Hospitali inahamia mfumo mpya wa kompyuta. Anachomeka flashi yake kwenye kila mashine, inapima, kisha kioo kinatoa jibu. Kijani, mashine inauweza mfumo mpya. Nyekundu, haiuwezi. Mtu asome chuo miaka yote hiyo, Mama Picha akajisemea, aje kuchomeka kidude na kusubiri rangi.

Lakini pamoja na dharau zake zote, kidude kile alikiogopa, maana alikuwa na siri. Miaka mitatu nyuma ililetwa kompyuta moja yenye nguvu, mahususi kwa picha za eksirei. Mkubwa wa hospitali aliiona inavyopendeza, nyeusi tii na taa ndogo ya bluu, akaamuru ipelekwe ofisini kwake. Huko ikapewa kazi moja tu, kucheza karata. Chumba cha picha kikabaki na lile jizee la kompyuta linalofungua picha moja kwa nusu saa, na wagonjwa wakikaa na mifupa yao iliyovunjika kwenye mabenchi mpaka jioni. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi wa hospitali hiyo hiyo, alipokuja Jumamosi moja na bisibisi. Matumbo ya ile mpya akayahamishia kwenye kasha la Mama Picha, lililogeuka njano na kuzibwa nyufa kwa plasta ya vidonda. Matumbo ya jizee akayatia kwenye kasha zuri la Mkubwa. Miaka mitatu, Mkubwa hajashtuka. Mtu anayepima kompyuta kwa macho utamwambia nini?

Bwana Flashi akachomeka. Kijani. Akainama akasoma namba iliyobandikwa ubavuni mwa kasha, akarudi kwenye kioo, akaandika kwenye fomu yake, akaenda zake ofisini kwa Mkubwa bila kusema neno. Mama Picha akamwona bwege kwa hilo pia.

Saa nne Mkubwa akaja mwenyewe, kitambi mbele, Bwana Flashi nyuma, na shemeji nyuma kabisa, uso umemsawajika. Mashine ya Mkubwa imetoka nyekundu. Alifoka hadi foleni nzima ya wagonjwa nje ikasikia: iweje takataka hii iishinde yake? Lakini kama ndiyo inayoweza, basi ihamie ofisini kwake, na yake iletwe huku.

Mama Picha akamtazama shemeji yake, mwenye watoto watatu na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Akinyamaza, wagonjwa wanarudi kwenye mabenchi. Akisema ukweli, shemeji hana kazi. Hasira zikampanda.

"Ichukue, Mkubwa," alisema. "Ila wageni wako wakiuliza hiyo plasta ni ya nini, waambie ni ya kidonda."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Mkubwa akalikagua lile kasha, ile njano, yale madoa ya mende, zile nyufa. Ungedhani kaambiwa alibebe kichwani apite nalo barabarani. Akamgeukia Bwana Flashi.

"Hayo matumbo yake hayawezi kuhamishiwa kwenye kasha langu?"

Bwana Flashi akafunua fomu mbili, ya chumba kile na ya ofisi ya Mkubwa, na Mama Picha akaziona zilivyojazwa: juu namba ya ubavuni, chini namba ya matumbo iliyotoka kwenye kioo, na namba zilikuwa zimepishana waziwazi, ya ubavuni hapa ndiyo ya matumbo kule. Fundi alihamisha kila kitu, vibandiko akavisahau. Kijana huyu alikuwa anajua.

"Haiwezekani," Bwana Flashi akasema. "Kasha na matumbo vinatoka kiwandani pamoja. Ukivitenganisha, vinakufa vyote."

Uongo mtupu, tena wa kitoto. Mkubwa akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa analijua hilo siku zote, akasema yake basi isiguswe, mfumo wa zamani unamtosha. Akaondoka na kitambi chake.

Bwana Flashi akazichana zile fomu, akajaza mpya palepale kwa kusimama. Akamwambia fundi abadilishe vibandiko leo hii. Jina alilombatiza kijana lilimkaa Mama Picha mdomoni likawa chungu.

"Mama," kijana akasema akiwa mlangoni, "kuna mzee hapo nje ameshikilia mkono wake tangu nilipofika asubuhi."

Mama Picha hakuwa amemwona.