Mkono wa Koti Ndani ya Boneti

Shamsia wa mtaa wa Bulyaga, Tukuyu, alikuwa haogopi moto. Moto alishinda nao kila alfajiri akikaanga maandazi, wameshazoeana. Alichokuwa anaogopa ni mvua. Na mtu wa Tukuyu anayeogopa mvua ana kazi, maana kule hunyesha mpaka watoto wakauliza jua linatokea upande gani.

Uoga huo ulimzidi mwaka ambao mwanawe Zuber alipata pikapu. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, na vitu vilivyokuwa vinasikika tu redioni vikaanza kushuka hadi Tukuyu. Sokoni mitumba ilimwagwa chini marundo marundo: suruali, mashuka, makoti manene ya watu wa nchi za barafu. Magari ya mtumba nayo yakaja. Zuber na mjomba wake wakavuta pikapu moja ya petroli, rangi kama ya chai iliyozidi maziwa, na kitu cha kwanza Zuber alichokipata kwa jasho la pikapu ile alimletea mama yake: koti la bluu, limejaa pamba ndani, lina vifungo viwili vya shaba kwenye kila mkono.

"Vaa mama, wakati wa kukaanga maandazi usitetemeke," alimwambia.

Shamsia alilivaa siku ileile, akalivaa na kesho yake, akalivaa mpaka majirani wakamwuliza kama analala nalo. Akawajibu ndiyo, ana wivu nalo.

Sasa, madereva wa Tukuyu wana desturi yao moja. Jioni injini ikishapoa, dereva hufungua boneti akaifunika injini kwa gunia, ili ukungu wa usiku usilowanishe plagi na waya zake. Asubuhi analitoa gunia, anawasha, anaondoka. Asiyefunika atasukumwa na watu kutoka nyumbani kwake hadi kituoni. Zuber alikuwa kijana mwema, anaswali, hana maneno na mtu, lakini gunia alikuwa analisahau. Akirudi amechoka anakula, analala kama mzigo.

Ndivyo ilivyotokea Alhamisi moja. Kila Alhamisi Zuber alikuwa anampeleka nesi Justa kwenye kliniki ya watoto kule Ikuti, yeye na sanduku lake la chanjo lenye barafu ndani. Justa alikuwa mtu wa Bukoba, amepangiwa kazi wilayani Rungwe, mwanamke mfupi, msemaji wa moja kwa moja. Asubuhi hiyo gari liligoma kuwaka, wakachelewa saa nzima. Jioni waliporudi, Justa alisimama mlangoni kwa Shamsia na kusema mbele ya mama mtu:

"Kaka Zuber, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini kina mama wanatembea na watoto mgongoni kutoka mbali, na barafu hainisubiri. Gari lisipofika kwa wakati Alhamisi ijayo, nitatafuta dereva mwingine."

"Nimekuelewa, sista. Haitajirudia."

Maneno yale hayakumwingia Zuber kama yalivyomwingia Shamsia. Hakuwa anafikiria malipo. Alikuwa anafikiria jinsi mwanawe anavyosema, "Kesho ni siku ya kliniki," anavyopiga pasi shati lake, anavyoliweka sanduku lile kwenye kiti kama mtu anayelaza mtoto. Kazi ile ndiyo iliyomfanya Zuber aonekane mtu mbele ya watu. Ikienda kwa dereva mwingine, uso wake utakwenda nayo.

Akakata shauri. Gunia linasahaulika kwa sababu linatolewa na kurudishwa. Kinachotakiwa ni kitu cha kukaa humohumo, siku zote.

Jumatano alasiri Zuber alikwenda msikitini. Gari lilikuwa limesimama uani tangu saa nne, limepoa kabisa. Shamsia akatoka na sindano ya magunia, uzi, kamba ya mgomba na koti lake la bluu. Akalitazama kidogo. Kisha akalikata mikono yote miwili. Koti lililowashinda watu wa barafu, alijiambia, halitashindwa na ukungu wa Tukuyu.

Akafungua boneti. Waya nne za plagi zilikuwa zimepita juu, kila mmoja peke yake, zinaning'inia kwenye vishikizo vyake. Shamsia aliona ni fujo. Akazitoa kwenye vishikizo, akazikusanya pamoja kama mtu anayesuka mkia wa nywele, akazivisha mkono wa koti na kuushona juu hadi chini. Mkono wa pili akaushona juu ya ule wa kwanza. Ili mzigo usichezecheze njiani, akaukandamiza chini na kuufunga kwa kamba ya mgomba kwenye bomba nene la chuma lililokuwa hapo ubavuni. Bomba lilikuwa limepoa kama sufuria iliyosahaulika. Mwanamke aliyeshika sufuria maisha yake yote, na bado haikumjia kujiuliza bomba lile linakuwaje likiwa kazini. Lilikuwa eksozi, bomba la kutolea moshi wa moto wa injini.

Alhamisi ilikuja na ukungu mzito. Zuber alipiga ufunguo mara moja, injini ikaitika.

"Leo imeamka na baraka," alisema akicheka. "Mama, koti lako liko wapi? Mbona unatetemeka?"

"Nimelifua, baba."

"Kwa mvua hii?"

"Twende, utachelewa."

Shamsia alipanda mbele pamoja na Justa, sanduku la chanjo katikati yao. Alikuwa anakwenda kumwona binti yake Naima, aliyeolewa Ikuti na kujifungua karibuni. Mapajani alipakata kopo kubwa la bati la mafuta ya kupikia, ndani amejaza unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Nyuma, juu ya magunia, alikaa mzee Ambindwile wa Ikuti, aliyekuwa amekuja mjini kuuza ndizi na hana siri na mtu.

Walikwenda vizuri mpaka kwenye mlima. Pale Zuber alishusha gia, injini ikaanza kunguruma kwa nguvu, gari linapanda polepole kwenye tope. Katikati ya mlima injini ikaanza kumisi. Ilishtuka, ikanyamaza, ikashtuka tena kama mtu mwenye kwikwi. Halafu ikaja harufu, kama ya kitana kilichoangukia kwenye mkaa.

"Mwana!" Ambindwile aligonga paa. "Unapika nini huko mbele? Mbona hutukaribishi?"

Zuber aliegesha, akaweka jiwe kwenye tairi, akafungua boneti. Moshi mweusi ukampiga usoni. Ndani yake kulikuwa na ulimi mdogo wa moto, hauzidi wa kibatari, lakini ulikuwa unaramba karibu na mpira wa petroli.

Shamsia akashuka haraka. Moto aliokuwa haogopi ulikuwa unamtafuta mwanawe.

"Maji! Leteni maji!" alipiga kelele Ambindwile, tayari ameshashika dumu.

"Usimwage maji, mzee! Hicho chuma cha moto kitapasuka. Nipe udongo!"

Zuber alichota tope kwa mikono miwili akabandika, akachota tena. Moto ukazimika. Akachukua kijiti na kuanza kuchokoa. Kikatoka kitu kimeyeyuka, cheusi, kinanata kama ulimbo, na kwenye ncha yake kimebaki kipande cha bluu kisichoungua, kina vifungo viwili vya shaba.

Zuber alikitazama kile kipande. Akamgeukia mama yake, akayaona mabega yake yanayotetemeka bila koti. Akakitia mfukoni.

Justa alikuwa ameshuka. "Ni nini kimewaka humo?"

"Waya za plagi, sista. Zimegusa eksozi, mpira wake umeyeyuka, moto wa plagi ukawa unarukia nje."

"Na hizo nguo?"

Zuber akafuta mikono kwenye suruali. "Nilifunika mimi. Kwa ajili ya ukungu. Nikasahau kutoa."

"Umesahau." Justa alitikisa kichwa taratibu. "Wiki ile ulisahau kufunika, leo umesahau kufunua. Ningekuwa nimebeba mama mjamzito? Hapana, kaka yangu. Leo tukifika, tumemalizana."

"Sawa, sista," alisema Zuber, macho chini.

Shamsia alikuwa ameshika mlango wa gari. Angeweza kunyamaza. Mwanawe alikuwa ameshamfunika, naye angefika Ikuti mtu mzima mwenye heshima zake. Lakini lile "sawa, sista" lilimchoma kuliko kama angetukanwa.

"Anadanganya," alisema.

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi. Sista, kitoe hicho alichokitia mfukoni. Ni mkono wa koti langu, alininunulia yeye. Nimelikata jana mwenyewe, nikashona humo ndani yeye akiwa anaswali. Na kamba nimefunga mimi. Kama kuna mtu wa kumalizana naye, ni mimi. Mtoto huyu hajui lolote."

Ambindwile akachungulia ndani ya boneti.

"Kwa hiyo Mama Zuber ameivalisha injini koti! Mimi nina mke mwaka wa arobaini sasa, hajanishonea hata soksi."

Justa alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Akacheka mpaka akashika boneti, akaiachia haraka maana ilikuwa ya moto. Lakini kicheko kilipoisha alilitazama sanduku lake. "Barafu itashika mpaka saa sita. Zuber, unaweza kutufikisha au huwezi? Hilo ndilo ninalouliza."

"Mkisubiri kidogo ipoe, naweza."

Chini ya kiti alikuwa na waya za zamani alizozitoa miezi iliyopita akazihifadhi. Mbili zilikuwa zinafaa. Akabadilisha zile mbili zilizoyeyuka, akafuta plagi, akazirudishia kofia zake za mpira. Waya wa tatu ulikuwa umebabuka kidogo, akauhamishia mahali pa mbali na joto, akaurudisha kila waya kwenye kishikizo chake, mmoja mmoja, zisigusane wala zisilale juu ya chuma.

"Ningekuwa na kipande cha bati hapa kati," alisema, "joto lisingezifikia. Mlima bado upo."

Shamsia hakungoja kuombwa. Akatandika khanga, akamimina unga wote wa ulezi, akamkabidhi kopo.

"Mama, uji wa Naima?"

"Unga upo kwenye khanga. Kata."

Zuber akalikata kopo kwa panga la Ambindwile, akalipinda, akaliingiza kati ya eksozi na waya, akalibana kwa boliti ileile ya bomba. Akaacha nafasi ya kidole kati ya bati na chuma, hewa ipite.

"Angalia, mama," alimwita, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Ukungu ni adui wa injini iliyolala. Ikiamka, adui yake ni joto lake yenyewe. Ukiifunga nguo, unalifungia joto ndani."

"Nimeona, baba."

"Na mimi gunia nitalikumbuka."

"Hutalikumbuka. Nitaifunika injini mimi, nitaifunua mimi."

Saa tano na nusu waliingia Ikuti. Kina mama walikuwa bado wamepanga foleni chini ya bati la godauni, na barafu kwenye sanduku ilikuwa imebaki kama vidole vinne. Justa alichanja mpaka mtoto wa mwisho, na wa mwisho alikuwa wa Naima. Alipomaliza alivua glavu, akamtazama Zuber aliyekuwa ameegemea pikapu.

"Alhamisi ijayo, saa moja kamili."

"Saa moja kamili, sista."

"Na kabla hujafika kwangu, mama yako awe ameifungua boneti na kuitazama kwa macho yake. Namwamini yeye kuliko wewe."

Tangu siku ile, Bulyaga ikimwona mwanamke mwenye koti la bluu lisilo na mikono anafungua boneti alfajiri, anatoa gunia, anapitisha kidole kati ya bati na bomba kabla injini haijawashwa, inajua ni Alhamisi. Zuber alitaka kumnunulia koti jingine, akakataa. Hili, alisema, linamwachia mikono huru ya kufanyia kazi.

Nanyi mnaopenda watoto wenu wenye magari, funikeni injini ikiwa imepoa, kwa gunia tu, na mlitoe kabla haijawaka. Msifunge kitu kwenye bomba lile. Mapenzi ya Shamsia yalikuwa makubwa, na ndiyo hayohayo yaliyokaribia kumuunguza mwanawe.