Theluji ya Mtu wa Mwisho

Siku ile Mwalimu Aikande Mrema alirudi kutoka mashindano ya watoto ya skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni, hasira zikiwa zimemfika kooni. Kamati ya mashindano hayo madogo ilitaka washiriki wasizidi sitini, na waliokwisha kushinda wasiandikishwe tena, ili wanaojifunza wapate nafasi. Yeye, mzaliwa wa Machame aliyefundisha skii ugenini miaka kumi na miwili, alikuwa na binti bingwa, Ndeshi. Akaapa kwamba kesho kikaoni angepiga kura ya kupinga. Katika daftari lake, mbele ya jina la Lumi, msichana aliyeshuka wa mwisho na kuanguka mara tatu, alikuwa ameandika: hana kipaji. Akaketi karibu na jiko bila hata kuvua koti, usingizi ukamchukua.

Akajiona chini ya mlima ambao kilele chake hakikuonekana, mweupe kiasi cha kumtoa machozi, na theluji yake ilikuwa ikivuma taratibu kama watu wanaoimba wamefumba midomo. Aikande alipiga magoti bila kuambiwa. Mwanamke mrefu aliyeshika kamba ya kuanzia akajitambulisha kuwa ni Kiasi, mlinzi wa mlima, akampandisha hadi juu, ambako watoto walipanga foleni iliyopotelea mawinguni. Mbele kabisa alisimama Sifa, medali zikigongana kifuani, naye aliipora ile kamba akawa anawarudisha walewale waliokwisha kushuka washuke tena na tena. Aikande alifungwa namba ya mwisho. Akacheka kimoyomoyo, mlima gani ungemshinda yeye?

Zamu yake ilipofika, theluji ilikuwa imeacha kuvuma. Skii za waliotangulia zilikuwa zimeichimba ikawa mitaro ya barafu. Akaanguka kona ya kwanza, akaanguka ya pili, ya tatu akabingirika mpaka chini kama gunia, na hapo akamkuta Sifa amefungua daftari, anaandika mbele ya jina lake: hana kipaji. Aibu ilimchoma vibaya. Akalalamika kwamba huo sio mlima aliouona alipofika.

"Ni huohuo, mwalimu," Kiasi alimjibu kwa upole. "Kila anayeshuka huondoka na kidogo. Foleni isipopimwa, wa mwisho huachiwa mitaro, kisha husemwa kwamba hajui."

Akaitwaa tena kamba yake, foleni ikapungua, na mlima mzima ukaanza kuvuma upya kwa sauti iliyomtetemesha Aikande hadi mifupani.

Alizinduka uso umelowa. Jua la jioni lilikuwa bado dirishani, na Ndeshi alikuwa anakausha viatu vyake. Aikande alimwambia kwamba kesho angekubaliana na kamati, na jina la Ndeshi halingekuwamo tena kwenye mashindano madogo. Binti akaviweka viatu chini, akauliza yule Lumi angeshuka wa ngapi.

"Huenda akawa wa mwisho tena," mama alimjibu, huku akiyafuta yale maneno mawili daftarini. "Lakini safari hii atakuta theluji."