Kikohozi Ndani ya Gunia

Mimi ndiye niliyelikata lile gunia matundu mawili ya macho. Naanza hapo kwa sababu watu wakisimulia habari hii huparuka, kana kwamba gunia lilijishona lenyewe.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, katika shamba la kahawa lililokuwa kati ya Ruiru na Thika, upande wa Kalimoni. Kazi yangu ilikuwa kushona magunia. Yaliyotoboka niliyatia viraka, yaliyofumuka niliyashona upya, na kabla ya kuyakunja niliyageuza ndani nje nikayapiga kwa fimbo mpaka vumbi likaisha. Hakuna mwanamke pale aliyepiga gunia kama mimi, na nilijisifu bila haya. Jumatano moja mnyapara wetu, Dismas, aliniletea gunia refu akaniambia nilitoboe hapa na hapa. Nikamuuliza la nini. Akasema ni la mtu wa kupuliza dawa kwenye mibuni, ili isimwingie machoni. Lilikuwa jibu la kijinga, maana dawa ingeingilia matundu hayo hayo, lakini nilikuwa na rundo zima la kumaliza siku ile. Nikakata, nikapinda ukingo usifumuke, nikampa.

Kesho yake asubuhi askari walituzingira kabla hatujaenda kuchuma. Wanaume walikalishwa chini kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, mikono kichwani, na wanawake tukasukumwa upande wa kiwanda. Lori lilisimama katikati. Mbele ya lori paliwekwa meza, na hapo walikuwa ofisa kijana wa Kizungu, karani wetu Opiyo na karatasi zake, na mtu mmoja aliyevikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini.

Niliutambua ule ukingo niliopinda kabla sijayaona macho. Nilikuwa nimesikia habari za watu wa magunia huko Gitothua na kwingine, nikadhani magunia hayo kwetu hayatafika, na kumbe yalikuwa yamefika kupitia mkononi mwangu.

Kazi ilikwenda hivi. Mwanamume aliitwa jina, akasimama mbele ya gunia. Gunia likitulia, alipita akarudi kuketi. Gunia likiinamisha kichwa, basi huyo amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, anapandishwa lori la Thika, na kutoka Thika hupelekwa kambi za nyikani. Hapakuwa na neno hata moja. Mtu alisimama akiwa na mke na watoto na jembe lake, kichwa kikainama, akawa hana kitu.

Walikuwa wamepanda kumi na saba alipoitwa Wainaina, fundi wa mashine ya kumenyea kahawa. Wainaina alikuwa mume wa Gathoni, jirani yangu, mwanamke aliyenizalisha binti yangu Wayua nyumba ikivuja mvua. Siku ile Gathoni mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na alikuwa ameushika mkono wangu. Kama Wainaina alikuwa amekula kiapo au la, sijui. Siku zile hukumuuliza mtu swali hilo, hata kama ulikula naye sahani moja.

Alisimama. Gunia likatulia kitambo. Halafu kichwa kikainama mara mbili, haraka haraka, na mabega yakapanda.

Gathoni hakulia. Aliuachia mkono wangu tu, akaketi chini kwenye vumbi.

Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu ule mwinamo niliujua. Miaka mitatu nilikuwa nikiketi nyuma yake kanisani. Kagwe, mtunza stoo, alikuwa na kifua kibovu cha vumbi la kahawa, na kikohozi kikimjia katikati ya sala alikuwa akikibana mdomoni, basi kichwa kinaanguka mara mbili na mabega yanapanda hivyo hivyo. Mtu wa ndani ya gunia alikuwa Kagwe. Wale kumi na saba sijui, Mungu anajua. Lakini Wainaina hakutajwa. Wainaina alikoholewa.

Hasira ilinipanda, na baada ya hasira woga. Ningesema nini? Nikisema huyo anakohoa, wataniuliza nimejuaje, na hakuna jibu lingine ila jina lake. Kagwe akijulikana, hamalizi wiki. Ana watoto watano, na mkewe Wangeci hajanikosea kitu. Nikinyamaza, Gathoni atazaa peke yake na mumewe atapotea kwa sababu ya vumbi. Nilimtazama Opiyo akiandika jina, kalamu yake ikienda taratibu kama siku ya posho.

Ndipo nikapata uongo wangu. Nikatoka kwenye mstari.

"Wee mama, rudi laini," askari akasema.

"Nataka karani," nikasema. "Opiyo, mwambie bwana hiyo gunia ni mimi nilishona. Ilikuwa ya chokaa, na sikuipiga vizuri. Yeyote atavaa atakohoa. Huyo mtu hajasema ndiyo, amekohoa."

Opiyo alinitazama kama mtu aliyeona nyoka. "Mama Wayua," akaniambia chini chini, "rudi ukae. Nakuomba."

"Mwambie."

Akamwambia. Ofisa hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliinuka, akamchukua mtu wa gunia akaenda naye nyuma ya lori, akarudi peke yake na gunia mkononi. Kagwe alikuwa amefichwa kwenye gari dogo lililofunikwa turubai. Ofisa akaninyooshea gunia.

"Kama iko chokaa, wewe vaa," akasema kwa Kiswahili chao. "Watu napita. Wewe nakohoa, mimi naamini."

Wakanipeleka nyuma ya lori, wakanivika. Ndani mlikuwa na giza, na matundu yangu mawili yalikaa sawasawa na macho, kwa kuwa nilikuwa nimeyapima vizuri. Nikavuta pumzi kwa nguvu nikingoja kuwashwa. Hapakuwa na kitu. Gunia lilikuwa safi kabisa, nimelipiga mwenyewe mara tatu. Maishani mwangu sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia wakati ule kwa kazi nzuri.

Basi ilinibidi nikohoe kwa kusudi. Nilidhani hilo ni jambo dogo.

Wakanisimamisha mbele ya meza na kuanza kuwapitisha wale wanaume ambao asubuhi walikuwa wamesalimika. Wa kwanza alikuwa mzee Mburu wa kulisha ng'ombe. Nikafungua mdomo nikohoe, nikamwona askari aliyesimama ubavuni mwa mzee. Mkono wake ulikuwa tayari umenyooshwa kumkamata bega. Hakuna aliyemwambia askari yule kwamba hili ni jaribio. Na wale walioketi uwanjani hawakuwa wamesikia neno nililosema. Wao waliona gunia tu, na chini ya gunia miguu ya mwanamke.

Nikafunga mdomo. Mzee Mburu akapita.

Akaja Kang'ethe, mwenye mama kipofu. Nikanyamaza. Akaja kijana wa Witeithie aliyekuwa ameoa mwezi uliopita. Nikanyamaza. Kila aliyekuja alikuwa na mtu wake aliyekuwa akimtazama kutoka upande wa kiwanda. Ofisa akaanza kugonga meza kwa kidole. Nilijua kwamba nikimaliza mstari bila kukohoa, Wainaina ameenda, na pengine mimi pamoja naye.

Nyuma yao kidogo kwenye mstari nilimwona Kaleli, mume wangu.

Nitasema nilivyofikiri, bila kupamba. Nilifikiri: Kaleli ni Mkamba. Msako huu ni wa kabila la akina Wainaina, si wa Wakamba, kila mtu anajua. Askari nusu ni Wakamba. Hata akishikwa bega, Opiyo atasema huyu ni Mkamba, wataachana naye, na mimi nitakuwa nimekohoa. Niliona nimepata mlango. Nikawaacha wengine wanne wapite, nikamngoja.

Kaleli akasimama mbele yangu. Aliangalia matundu, halafu akashusha macho mpaka miguuni pangu. Kidole changu kidogo cha mguu wa kushoto kimepinda tangu nikiwa mtoto. Alikitazama sana. Akainua uso tena, mdomo wazi kidogo.

Nikakohoa. Nilikohoa kwa nguvu, kichwa kikaenda mbele mara mbili, mabega yakapanda.

Askari akamshika bega.

"Kweli," ofisa akasema. "Nakohoa." Akamwonyesha Wainaina kidole. "Wewe, shuka."

Wainaina akashuka lori, akasimama kando yake kama asiyejua ardhi ni kitu gani. Nilianza kuvua gunia, machozi ya furaha yakinitoka, ndipo nikasikia ofisa anamuuliza Opiyo jambo, na Opiyo anajibu kwa haraka: Mkamba, bwana, ni mume wake, bwana.

"Mkamba pia iko," ofisa akasema. "Karatasi nasema kumi na nane." Akanitazama, akacheka kidogo. "Na bibi najua bwana yake. Pandisha."

Kikohozi kilekile kimoja kilimshusha mtu na kumpandisha mwingine. Nililia kwamba ni uongo, kwamba gunia halina chokaa, kwamba nimekohoa makusudi, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuharibu, maana sasa nilikuwa nasema nimemwinamia mume wangu makusudi. Opiyo aliacha kutafsiri. Kaleli alipanda mwenyewe, bila kusukumwa. Lori lilipoondoka alikuwa bado ananitazama, na mimi nilikuwa uso wazi, gunia shingoni, mbele ya shamba zima.

Gathoni alizaa mtoto wa kiume baada ya wiki tatu, mimi nikimshika mgongo. Wainaina alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza alichosikia akiwa juu ya lori. Wengine walimwamini. Wengine walihamisha ndoo zao nilipofika bombani. Kagwe alinipa magunia yangu ya kila siku, kupitia dirisha la stoo, akiyahesabu mawili mawili. Nilingoja aseme neno, hata la salamu. Mwisho wa mwaka alihama na jamaa yake yote.

Kaleli alirudi baada ya miaka miwili na miezi minne. Alikuja kwa miguu kutoka stesheni ya Ruiru, mchana, nikiwa nje napepeta mahindi. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Wayua hakumjua, akajificha nyuma yangu. Nikainuka na ungo wangu, maneno niliyoyapanga kwa miaka miwili yakamwagika yote kwa pamoja: chokaa, Wainaina, kikohozi, jaribio.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama, mzigo wake ungali begani.

"Hiyo yote najua," akasema. "Watu walikuja kule baadaye, wakaniambia. Kikohozi sina shida nacho. Ninachokuuliza ni kingine. Niliona ukiwaacha wanaume saba wapite. Nilikuwa nahesabu. Kwa nini ulingoja mpaka nifike mimi?"

Ningeweza kumwambia habari ya Wakamba kutotafutwa, na isingekuwa uongo. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo mmoja mbele ya meza ile na nikaona ulikonifikisha.

"Kwa sababu wale wengine walikuwa wa watu," nikasema. "Wewe ulikuwa wangu."

Wayua alichungulia, akarudi kujificha. Kaleli akautua mzigo, akaketi kizingitini akaanza kuvua viatu vilivyokuwa si vyake, vikubwa, vimefungwa kwa kamba ya katani.

"Ungeniuliza," akasema, ingawa sisi wawili tulijua hapakuwa na namna. "Ningekubali. Lakini ungeniuliza."