Begi la Nilesh

Mzee Lalji, mwenye duka la vitambaa hapa Korogwe ninapofanya kazi, alimwambia Nilesh kwamba binti yake Nikita haolewi na kijana ambaye hajawahi kubeba hata kiroba cha unga. Kama anamtaka kweli, ashushwe Kwaluguru, kule Handeni, arudi kwa miguu kupitia pori na makorongo, na begi lake lifike dukani kwa mgongo wake mwenyewe. Mimi Isaka nikatumwa kuwa shahidi. Magoti yangu ni mabovu, lakini nani aliniuliza?

Nilesh alijaza hema, kamba, jiko la gesi na viatu vya akiba. Hatukuwa tumemaliza hata mashamba ya Kwaluguru, mama mmoja akatuona, akatupa jembe, akampa Nilesh pole na kumpokea begi. Kijana akaduwaa. Nikamweleza kuwa huku mgeni habebi mzigo wake; ukimkatalia mwenyeji, ni kama umemwita mwizi. Akaliachia. Yule mama alitusindikiza mpaka kwa jirani, jirani akalipokea, naye akatusindikiza.

Jirani alipoturudishia begi na kutuaga, tukaacha njia, tukajificha vichakani asije mwingine akalipokea, jua likatukaanga. Mfugaji mmoja akatukuta humo humo, akatusikitikia, akalifunga begi juu ya punda wake. Nilesh alitembea mikono mitupu huku machozi yanamtoka.

"Mzee Isaka, nampoteza Nikita kwa ukarimu," akaniambia.

Nilicheka, kisha nikamwonea huruma.

Mfugaji alipogeuza punda wake, alimkabidhi begi Bibi Swaumu, aliyekuwa anakwenda Korogwe kumwona dada yake. Nilesh akamwamkia shikamoo na kumsimulia habari zote za uchumba. Bibi akasema Mungu ni mwema, watapata watoto wengi, akalitia begi mgongoni.

Mchana ukageuka. Wingu likashuka kutoka milimani, mvua ikatupiga, na korongo tulilolikuta kavu likaanza kupitisha maji mekundu. Tulivuka tumeshikana mikono. Kwenye ukingo wa pili bibi akateleza, mguu ukateguka. Hakuweza tena kuukanyagia.

"Sasa nipe begi, Bibi," Nilesh akaomba.

"Nikupe wewe mgeni? Wazee wangu waliolala huko watanionaje?"

Nilesh akachuchumaa kwenye tope. "Basi panda. Wewe beba begi, mimi nikubebe wewe."

Bibi hakuona ubaya. Hivyo ndivyo tulivyoingia Korogwe: kijana amembeba bibi, bibi amebeba begi, na mimi nyuma nachechemea. Watu walitoka madukani kutazama.

Mzee Lalji alikuwa amesimama mlangoni.

"Isaka, nani amebeba begi?"

Nilesh alinitazama kama mtu anayesubiri hukumu. Nilitamani kudanganya, nikashindwa.

"Bibi, bosi. Na bibi amebebwa na huyu."

Mzee Lalji alifungua mdomo atoe uamuzi. Lakini amezaliwa hapa hapa Korogwe, na mbele yake alikuwa bibi kizee mwenye mzigo. Miguu ikamshusha ngazi yenyewe. Akampa bibi pole ya safari, akampokea begi, akayumba nusura aanguke.

Akalipima uzito mikononi, akamtazama bibi, akamtazama Nilesh aliyewabeba wote wawili, bibi na begi. Kisha akaita ndani.

"Nikita, leta viti. Kimoja cha bibi, kimoja cha mkwe wangu."

Mimi nilikaa kwenye ngazi.