Soksi ya Mkono wa Kushoto

Kabla ya chai ya asubuhi, Wahiba alimvika bintiye Wafa soksi nyeupe kwenye mkono wa kushoto, akaibana kwa mpira wa nywele. Alifanya hivyo kila siku tangu Bi Khulud, mama mkwe wake, akatae kula sinia moja na mjukuu anayechota wali kwa kushoto. Wahiba hakuwa na muda wa kubishana. Soksi inafulika, na mtoto alishaanza kula kwa mkono wa kulia. Tatizo lilikuwa ulimi. Tangu soksi ianze, Wafa alikwama kwenye kila neno, na leo alikuwa na usaili wa darasa la kwanza.

"Mwalimu akikuuliza, usiniangalie mie. Jibu."

"S-s-s..."

"Basi. Utamalizia hukohuko."

Shule ilikuwa Mbagala, mwisho wa barabara ya vumbi. Kwenye benchi la barazani walimkuta jirani yao Tupokigwe na mwanawe. Pembeni alikaa sokwe mdogo, shati kalichomekea, kashika kipande cha papai kwenye gazeti.

"Huyo umekuja naye, mama Wafa?" Tupokigwe aliuliza.

"Mie nimekuja na mmoja tu, na huyo mmoja ananitosha."

"Maana anamkodolea mwanao macho hamalizi."

"Si mbaya. Wewe nawe unamkodolea yeye."

Mwalimu mkuu, Gaudens, alianza na sokwe kwa kuwa ndiye aliyewahi kufika. Mlango ulikuwa wazi, wote wakasikia.

"Jana ulikula nini?"

Macho ya sokwe yalikwenda kushoto taratibu, kama ya mtu anayetafuta kitu kabatini. Yakakaa huko, yakarudi. Akashika penseli kwa mkono wa kushoto, akachora papai.

"Umeona macho?" Gaudens alimwambia mwalimu wa darasa, Editha. "Akitafuta jibu yanakwenda kushoto. Maana yake upande wa kulia wa ubongo ndio unaofanya kazi. Na mkono wake ni huohuo wa kushoto. Wa namna hii halazimishwi, utamvuruga kichwa mpaka ashindwe kujieleza."

Wahiba aliitazama soksi ya mwanawe. Alikuwa na diploma ya uuguzi. Somo hilo alilisoma, akalifaulu, kisha akaenda dukani kununua soksi.

"Wafa!"

Waliingia. Sokwe hakuambiwa atoke, akabaki. Wahiba alisimama kushoto kwa mwanawe.

"Jana ulikula nini?"

Macho ya Wafa yalianza kwenda kushoto, yakakutana na uso wa mama yake, yakaganda. "T-t-t..." Mishipa ya shingo ikamtoka. Wahiba alijikuta anasukuma pumzi kana kwamba neno lingetoka kwake.

Sokwe akanyoosha mkono, akavua ule mpira, akaivuta soksi.

Wafa alikuna kiganja. "Tulikula wali na samaki," alisema. "Bibi alikula chumbani kwa sababu hataki mkono wangu. Mama akanifunga ili bibi arudi kwenye sinia."

"Kumbe kanaongea!" Tupokigwe alisema kutoka barazani.

"Amefaulu," alisema Gaudens. "Wote wawili wamefaulu. Sasa mrudishie soksi, mama Wafa."

"Si umesema tusilazimishe?"

"Nilikuwa namsema sokwe, ndivyo alivyoumbwa. Binti atapakulia wageni, ataolewa. Watasema shule gani ilimlea?"

Jibu lilikuwepo. Wahiba aliyahisi macho yake yakienda kulitafuta. Huko yalikutana na sinia alilolisusa Bi Khulud, yakarudi. Alinyoosha mkono. Sokwe alimpa soksi akiwa ameshaikunja vizuri.

Shule ilipofunguliwa, Wafa na sokwe waliwekwa dawati moja. Fundi cherehani wa sare alilalamikia tu mikono mirefu ya sokwe, akaongeza kitambaa. Sokwe aliandika kwa kushoto na Editha akamsifu mbele ya darasa. Wafa aliandika kwa kulia, herufi zikaanguka ubavu, na mwalimu akasema atazoea.

Jioni Bi Khulud alirudi kwenye sinia, akamtengea mjukuu wake minofu ya samaki.

"Leo mmefundishwa nini?" Wahiba aliuliza.

Macho ya Wafa yalikwenda kushoto. Safari hii hayakuganda, yalikwenda mbali kabisa, na Wahiba aliona dhahiri kwamba yamelifikia jibu. Mdomo ukafunguka. Hakikutoka kitu.

Bi Khulud aliendelea kutafuna.

"Kula, wali unapoa," Wahiba alisema, akanyanyuka kwenda kuanika soksi ya kesho.