Mama Pochi na Mpira wa Mia Nne

Barua ilikuwa kwenye mkoba wa Milka Hrubik tangu Jumatano, imekunjwa mara nne, na leo Jumapili ilikuwa bado humo humo, chini ya pakiti ya karanga. Alikuwa ameisoma hadi akaikariri. Kilichobaki ni kumwambia tu Ozell, jirani yake wa benchi uwanjani, lakini kila alipofungua mdomo amwambie, mdomo uliomba soseji.

"Leo umenyamaza," alisema Ozell Tibbs, bila kuinua macho kwenye karatasi yake ya kuandikia mchezo. "Unaumwa? Nimwite daktari, au nimwambie mrushaji wao akurushie wewe mpira uamke?"

"Andika mchezo, mzee. Niache."

"Mtu amekaa karibu na king'ora miaka ishirini na sita. Kikinyamaza lazima aogope."

Hapo hakutia chumvi. Milka alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa miaka sitini na tatu mwenye sauti ya kunyoosha foleni ya watoto mia tatu bila kushika mwiko. Katika uwanja wa timu ya besiboli ya Matanuru, pale Youngstown, Marekani, watu walimwita Mama Pochi. Kwa miaka tisa, kila Jumapili, alivaa kichwani mfuko wa karatasi wa dukani, ameutoboa matundu mawili ya macho, na kwenye paji la uso ameandika kwa wino mwekundu: FUNGUA POCHI, VROMAN!

Vroman ndiye mwenye timu. Mzee huyo alikuwa na pesa za kununua mawingu, ila alizikalia kama kuku aliyeatamia. Mchezaji akianza tu kujua kupiga, Vroman anamuuza kabla kijana wa watu hajaijua bei yake mwenyewe. Matanuru wakawa wa mwisho, mwaka uliofuata wa mwisho tena, hadi mashabiki wakazoea kushika mkia kama watu wanavyozoea goti bovu. Milka ndiye aliyekataa kuzoea. Alisimama kwenye benchi lake la Sehemu ya Tisa, nyuma kabisa ya ukuta wa kushoto, akaanzisha: "Po-chi! Po-chi!" Ozell akawa anapiga ndoo ya plastiki. Mwaka wa tatu uwanja mzima ulikuwa unaimba.

Basi majira ya baridi yaliyopita, Vroman akafungua pochi. Alimchukua Yadiel Cardona, mpigaji hatari kuliko wote, kwa mkataba wa miaka minane na kwa fedha ambazo mtangazaji wa redio alizisoma mara mbili, akidhani ameongeza sufuri. Milka alikuwa jikoni shuleni. Alilia kwa furaha, machozi yakadondokea maharage ya watoto, na siku hiyo hakuna aliyelalamika kwamba hayana chumvi.

Ozell alifurahi pia, ila alikuwa na ulimi wake. "Unajua huyu Cardona akishika gongo la kupigia mpira mara moja tu, apige asipige, amepata mshahara wako wa mwaka mzima wa kukoroga supu?"

"Bora apate yeye anayetoka jasho kuliko Vroman aliyekaa kwenye kivuli."

"Sijasema asipate. Nasema nikiwaza sana naumwa kichwa."

Milka naye kichwa kilimuuma, ila hakukiri. Matanuru walikuwa wanashinda. Mwezi huu wa Septemba walikuwa wa pili, na watu wazima walikuwa wanakumbatiana na wasiowajua. Ungetaka nini tena?

Barua ndiyo iliyomjibu. "Mshabiki wetu mpendwa," ilianza, na Milka, ambaye amewahi kufukuzwa kazi mara moja, alijua kwamba mapenzi ya kwenye barua hayana mwisho mwema. Kwa ajili ya kuijenga timu ya ushindi, ilisema, mwakani Sehemu ya Tisa itavunjwa, na mahali pake utajengwa ukumbi wa kioo wenye viti vya ngozi na kiyoyozi. Wenye benchi watahamishiwa jukwaa la juu kabisa, kwa bei mara mbili. Lifti inakuacha mlangoni; kutoka hapo ni ngazi.

Na Ozell alikuwa na miaka sabini na sita. Mapafu yake aliyaacha kwenye matanuru ya kweli, yale ya kiwanda cha chuma, alikofanya kazi miaka thelathini kabla hakijafungwa. Mkewe alishafariki. Watoto wako Arizona. Kadi za kuingilia uwanjani msimu mzima, zote mbili, zilikuwa kwa jina la Milka, maana Ozell hupoteza kila kitu isipokuwa hesabu ya mchezo, kwa hiyo barua ilimfikia mmoja tu. Milka alikwenda Alhamisi kuzihesabu zile ngazi. Ya ishirini alipumzika yeye mwenyewe.

Zamu ya sita kati ya tisa za mchezo ilipoanza, akaitoa barua, akaiweka juu ya karatasi ya Ozell.

Ozell aliisoma polepole. Halafu akaisoma tena.

"Ngazi ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Ah, nafuu. Nitafia ya kumi na tano, zilizobaki watanibeba."

"Ozell, tafadhali."

"Ulimwambia afungue pochi," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Hukumwambia ya nani. Amefungua yangu."

Milka akaichukua barua, akaikunja tena mara nne.

Ozell akaiweka penseli kwenye benchi. Mpigaji mmoja wa Matanuru akaja, akaondoka. Wa pili akaja, akaondoka. Ozell hakuandika chochote. Mzee huyu aliwahi kuandika mchezo mzima akiwa na jino lililooza, na mwingine siku tatu baada ya kumzika mkewe. Milka aliitazama ile mistari miwili mitupu, akahisi kama ameiba kitu.

Ndipo Cardona akatoka na gongo lake, na uwanja mzima ukasimama. Katika maisha yake alikuwa ameshapiga mpira ukavuka ukuta mara mia tatu tisini na tisa.

Mrushaji akarusha wa kwanza, nje. Wa pili, Cardona akauzungushia gongo, na ule mlio ukasikika, mkavu, ambao aliyeusikia mara moja hahitaji kuangalia. Mpira ukapanda, ukawa mdogo, ukaanza kushuka, ukawa mkubwa. Ozell hakusimama. Mkono wake wa kushoto tu ndio ulionyanyuka, wenyewe, na glavu kuukuu aliyoibeba miaka yote hiyo bila kudaka chochote ila mvua.

Pah!

Watu wakamrukia, wakampigapiga mgongo, wakamvua kofia wakamvalisha tena. Sura yake ikajaa kwenye skrini kubwa, mdomo wazi. Hata Milka alipiga yowe, barua ikiwa mkononi, na bado alikuwa anapiga yowe alipokumbuka kwamba ana huzuni.

Haikupita dakika tatu, msichana wa ofisi ya timu akafika akihema, jina lake Brynn limeandikwa kifuani.

"Hongera sana, mzee! Cardona anauomba mpira wake wa mia nne. Tutakupa gongo lenye saini yake, jezi, na picha naye."

"Ongea na wakili wangu," alisema Ozell, akimwonyesha Milka kwa kidevu.

Milka akakaa wima. "Viti viwili. Hivi hivi tulivyokalia. Mwakani, kwa bei ya mwaka huu."

Brynn akacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Mama, hapa mwakani..."

"Najua. Waulize."

Msichana akageuka, akanong'ona kwenye redio yake ya mkononi. Akarudi na tabasamu lililopungua. "Wamesema ukumbi umeshauzwa wote. Ila wanawakaribisha siku ya ufunguzi, ndani ya kioo. Siku moja. Chakula bure, na lifti inafika hadi ndani, mzee, hakuna ngazi."

"Hicho kioo kinafunguka?" Ozell akauliza.

"Hapana. Ni kwa sababu ya kiyoyozi."

"Nikimzomea mwamuzi atasikia?"

"Kutakuwa na skrini kubwa sana ya..."

"Sijaulizia skrini, binti yangu."

Brynn akainamisha macho. Hakuwa mbaya, alitumwa tu.

Sasa, Sehemu ya Tisa ilikuwa na sheria moja, ya zamani kuliko benchi zenyewe. Mpira wa adui ukivuka ukuta hauwekwi: unarushwa uwanjani, uende zake. Kuna bwana aliwahi kuuficha mmoja ndani ya koti, hakusalimiwa misimu mitatu. Lakini mpira wa Matanuru wenyewe hakuna aliyewahi kuurudisha. Ungeurudishaje? Ni wako.

Ozell akauweka kwenye kiganja cha Milka. "Rusha. Bega langu halifiki."

"Wee! Huu ni wetu."

"Nionyeshe palipoandikwa."

Ulikuwa bado na joto, au labda ni mkono wa Ozell. Milka akamtazama Cardona kule mbali, kijana wa watu, ameegemea uzio wa wachezaji anawapungia, hajamkosea mtu yeyote. Akatazama juu kwenye chumba cha Vroman, kioo kikiwaka jua. Miaka tisa alimpigia mzee huyo kelele ndani ya mfuko wa karatasi, na siku mzee aliposikia, alisikia hivi.

Akapanda juu ya benchi na kuurusha.

Mpira ukaangukia majani, ukabingirika. Mchezaji wa upande wa pili akauokota, akaugeuzageuza, akainua mabega, akautupia benchi lao. Mtu akaudaka bila kuangalia, akautia ndani ya ndoo yenye mipira ya mazoezi hamsini. Brynn akashuka ngazi mbio.

Kisha ikaanza, nyuma yake hasa, kwa watu aliowagawia pierogi zake, zile sambusa za kuchemsha, Jumapili zote hizo, ikaenea uwanja mzima: "Buuuuu!"

"Mama Pochi, umerukwa na akili?" mtu akapiga kelele. "Rudi jikoni!"

Milka akakaa. Cardona hakupunga tena.

Ozell akainama, akaokota penseli. "Wale wawili niliowaacha walifanya nini?"

"Wa kwanza alikosa mara tatu," alisema Milka. "Wa pili alidakwa kushoto."

"Na Cardona?"

"Amevusha."

Akaandika yote matatu, taratibu, kwa mwandiko uleule. Zilikuwa zimebaki mechi saba nyumbani. Ile "Buuuuu!" haikuwa imepungua hata kidogo. Sasa walikuwa wanaifuatisha na miguu, pamoja, kwa mpigo mmoja.

"Wanazomea vizuri," alisema Ozell.

"Niliwafundisha mwenyewe," alisema Milka, akafungua pakiti ya karanga, akamsogezea.