Blanketi la Nyumba ya Baraza

Abner Stroud hakuwa na farasi. Hakuwa amesomea uashi, wala babake hakuwa mwashi. Hakuwa na rafiki hata mmoja katika kamati ya jimbo iliyompa kazi, na hakuwa na michoro ya ngazi, kwa sababu Mfaransa aliyeichora alirudi kwao nayo sandukuni. Maisha yake yote alikuwa msaga nafaka. Kamati ilimteua asimamie ujenzi wa Nyumba ya Baraza kwa kuwa alijua kusoma na hakunywa.

Ilikuwa Novemba, mwaka wa nane tangu taifa lipate rais wake wa kwanza. Kuta za mawe zilikuwa zimepita madirisha, na kamati ilitaka kusikia zimekamilika kabla ya mwaka kwisha. La sivyo, baraza lingehamia mji jirani wa Tilbury, wenye jumba la matofali lililokwisha kuezekwa. Bila baraza, mji wao wa Corbin ungebaki kivuko chenye baa moja.

Ndiyo maana asubuhi ile Abner alikuta uwanja umejaa magari ya ng'ombe. Nusu ya wilaya ilikuwa imefika. Wanaume walishika nyundo na ngazi, wanawake wameshapanga pai za maboga mezani, na pipa la pombe ya tufaha limeshatobolewa. Mbele yao alisimama Hiram Oatley, mkulima mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Msimamizi! Tumekuja kukunyanyulia nyumba!"

Ghala la mkulima lilinyanyuliwa hivyo hivyo: majirani walikusanyika alfajiri, na jioni walicheza fidla chini ya paa jipya. Aliyekataa msaada ule alikuwa amewatukana wote. Abner alilijua hilo. Ghala lake mwenyewe lilisimamishwa na mikono ile ile.

"Hiram ndugu yangu, ghala ni mbao. Haya ni mawe na chokaa."

"Mawe yana nini? Yanaona haya mbele ya watu?" Wakacheka. "Waashi wako watuelekeze, sisi tubebe na kupanga. Kesho kutwa unawaandikia wakubwa, na Tilbury tumeizika!"

"Jalidi imeanza. Chokaa ikiganda kabla ya kukauka, haishiki tena."

"Mzee mzima unaogopa baridi!"

Keziah Lund, mjane mwenye baa, akadakia, "Abner, nimeoka tangu jana. Usiniambie nirudi na pai zangu."

Abner angeweza kuitikia. Kuta zingefika juu, barua ingeandikwa, na hakuna ambaye angeuliza kuta zitakuwaje masika, barafu ikiyeyuka.

"Hiram, panda nami."

Walipanda jukwaa la waashi mpaka safu iliyojengwa wiki iliyopita.

"Sukuma hilo jiwe."

Hiram aliweka kiganja. Jiwe likacheza kama jino bovu, na chokaa ikamwagika viatuni mwake kama unga. Akalisukuma la pili, nalo likacheza.

"Na haya tunayafanyaje?"

"Tunayashusha. Na leo hakuna jiwe litakalopanda."

Chini watu walinung'unika. Mmoja akapaza sauti, "Basi tufunge virago twende Tilbury!"

"Nimekataa mawe, sijakataa mikono!" Abner aliwajibu toka juu. "Nani katika jimbo hili anajua mbao kuliko ninyi? Chongeni kenchi za paa hapa chini, ziunganisheni, zitieni alama, zisubiri. Nazo kuta zinataka blanketi, majani makavu na samadi, kisha mbao juu."

"Samadi?" Keziah akashtuka. "Karibu na pai zangu?"

Kicheko kikalipuka uwanja mzima. Hiram akavua koti.

"Nimekuja kunyanyua nyumba, naishia kuifunika mavi kama tuta la maboga. Mei paa nalinyanyua mimi, umesikia? Na fidla iwepo."

"Itakuwepo."

Jioni, harufu haikuwa nzuri, lakini kuta zilikuwa zimefunikwa na kenchi zimelala nyasini. Abner aliketi kwenye baa ya Keziah, akaiandikia kamati kwamba kuta hazijakamilika, kwamba safu za juu zimeshushwa kwa amri yake peke yake, na kwamba kamati inakaribishwa Mei ione paa likipanda.

Hiram alisomewa. "Ongeza kwamba jumba la Tilbury linavuja."

"Sijui kama linavuja."

"Nani kakuuliza kama unajua? Haya, acha. Lakini hapo 'amri yangu peke yangu' futa. Watakufukuza peke yako. Andika 'yetu'."

"Haikuwa yenu."

"Nimebeba samadi kutwa nzima, Abner. Ni yetu."

Abner alifuta. Hiram akatia jina kwa taabu, ulimi nje. Keziah akafuata, kisha wengine, mpaka karatasi ikakosa nafasi na wakageuza nyuma. Mpanda farasi wa posta alikuwa ameshatandika, akihimiza. Abner akaikunja barua, Keziah akasogeza mshumaa, nta nyekundu ya lakiri ikadondoka kwenye mkunjo. Abner aliigandamiza kwa muhuri, akampa mtu wa posta, naye akaondoka.